Kidole cha mzee kimekuwa cheusi na hakiumi, daktari huangalia nini?

wa_Ahero
Habarini wadau, babangu ana sukari miaka mingi, sasa kidole kidogo cha mguu wa kushoto kimekuwa cheusi tititi, kimekauka, yeye anasema hasikii uchungu kwa hivyo tungoje kliniki ya wiki ijayo. Huko huwa wanapima nini, na kama hakiumi si ni afadhali?

nasi_Ksm
Pole sana. Kutoumia kusikutulize, sukari huharibu neva mtu anakanyaga msumari na hajui. Mimi niko wodi ya upasuaji, mgonjwa kama huyu tunamvua soksi miguu YOTE MIWILI maana bila kulinganisha hujui kitu. Napitisha nyuma ya mkono kutoka goti kushuka chini, baridi inapoanzia napaweka akilini, halafu natafuta mapigo ya damu juu ya wayo na nyuma ya kifundo cha ndani, nikiyakosa napanda nyuma ya goti mpaka kinena. Kidole cha jirani nakibonyeza kiwe cheupe nikiachilia rangi irudi ndani ya sekunde 2 hivi, ikikawia damu haifiki vizuri. Na nafungua katikati ya vidole, huko ndiko mambo hujificha.

daktari_mashinani
Nasi amesema ukweli. Kikavu, kilichonyauka, chenye mstari wazi kati ya nyama hai na iliyokufa ni gangrini kavu, hiyo hutupa nafasi ya kupanga. Ikiwa na unyevu, uvimbe, malengelenge, harufu mbaya, wekundu unaopanda, homa, hiyo ni ya maji na haingoji. Mbaya zaidi ni ya gesi, uchungu mkali kuliko kidonda chenyewe kinavyoonekana na ukibonyeza ngozi inachakacha kama karatasi ya mkate. Pia tunagawanya presha ya kifundo kwa ya mkono, jibu likiwa chini ya 0.9 mishipa imeanza kuziba, ila kwa watu wa sukari mishipa huwa migumu namba inaweza kudanganya ikaonekana nzuri.

wa_Ahero
Nimefungua vidole sasa hivi, kuna majimaji na kunanuka, na juu ya wayo pamekuwa pekundu. Tumloweshe kwa maji moto ya chumvi kwanza?

nasi_Ksm
HAPANA, mguu hausikii joto mtamchoma. Funikeni na kitambaa safi kikavu, asiukanyage, tafuteni gari mfike Russia (hospitali ya Jaramogi, Kisumu) usiku huu huu, bebeni dawa zake zote na mkifika casualty waambieni ni mguu wa sukari unaonuka.