Charger njo motokari ao njo treni? Kaziye ya Simba iko inangojea jibu

KatubaV8
Jambo bandugu. Jana mangaribi ku nganda moya ya hapa Katuba tulibishana mupaka mwenye nganda akazima muziki juu atusikilize. Mie nilisema Charger ni motokari ya Dodge, ile ya 1968 yenye fare zake zinajificha mbele, basi. Rafiki yangu, baba yake alikuwaka makinisti, ye anasema hapana, Charger ni lokomotivu ya Marekani ya kuvuta mawago ya batu. Tukaweka kaziye ya bia ya Simba. Sasa nani iko na haki? Na kama ile ya treni iko kweli, moteri yake inaweza kushinda Hemi, ile moteri kali ya V8 ya Dodge? Musiniambie bongo, niko na picha ya Hemi mingi mu telefone kuliko za bibi yangu.

Fundi_Kamalondo
Beko na haki bote wawili, munywe pamoja. Dodge ilitosha Charger mu 1966, kisha mu 68 njo ikapata ule mwili unapenda. Hemi 426 ni lita 7, farasi 425. Sasa ile ya treni Siemens inaitengenezaka ku Sacramento kule California, moteri ni Cummins, silinda 16, lita 95. Gawanya mwenyewe: silinda MOYA ni karibu lita 6. Ni kusema pistoni moya ya ile treni inakaribia Hemi yako muzima na silinda zake zote 8 😂 Farasi 4,400, na inafika kilometa 201 kwa saa.

KatubaV8
Yaya unaniuwa. Lakini ngoja, ile treni iko na kilo ngapi??

Fundi_Kamalondo
Karibu tani 120. Dodge haifiki tani 2. Kwa hiyo kila tani ya Dodge iko na farasi zaidi ya 200, ya treni 37 tu. Ku feu rouge Hemi inaiacha mbali sana, hapo kunywa bia yako bila haya.

Muzee_wa_Gare
Batoto, munapima vitu haviendane. Treni haina ambreyaje, haina bwati ya vitesi kama motokari. Mazutu inazungusha moteri, moteri inazungusha alternateri, umeme njo unashuka ku moteri za umeme zenye ziko ku magurudumu. Kwa hiyo pale pale imesimama inaweza kuvuta na nguvu yote, kitu inaogopa ni gurudumu kuteleza juu ya chuma, njo maana inamwanga muchanga ku reli. Na ile lokomotivu inapatia tena mawago taa na hewa ya baridi, Hemi yako inapatia nani taa? Na musiote kuiona hapa kwetu, reli yetu tangu ifike Lubumbashi mu 1910 upana wake ni milimita 1,067, ya Marekani 1,435. Lokomotivu ya kwetu ya umeme, ile ya volti 25,000, ukiisikia inapita haipigi kelele ya mazutu, paka uuuuu, mie ile njo inaniletaka usingizi muzuri.

Ruashi_Esansi
Muzee, shikamoo. Fundi nawe usisahau kusema ile 425 balipima moteri peke yake juu ya meza, bila eshapoma ya kweli, bila alternateri. Tangu 1972 balianza kupima na vyote vyake, farasi zikashuka ku karatasi, batu bakalia kama kwenye matanga, kumbe kipimo njo kilibadilika (sawa, hata kompresyo ilikuwa imeshushwa kidogo, nakubali). Kisha 1973 petroli ikapanda bei na mambo yakaharibika. Na Hemi iko na kompresyo ya 10.25, inataka esansi ya nguvu, uiwekee ile ya chupa ya bakadafi benye kuuzisha pembeni ya barabara uone vile itagonga. Kuna muzee hapa jirani iko na V8 ya zamani mu lupango, siku hizi kuku zinatagaka chini ya kapo.

KatubaV8
Aksanti bayaya, aksanti Muzee. Rafiki yangu iko hapa anasoma juu ya bega langu. Tumekubali chupa sita sita, lakini sasa anasema silinda 16 kwa silinda 8, eti ye anastahili nane na mie ine 😤

Muzee_wa_Gare
Hesabu yake haiko mbaya.