Tanuri la kuchomea taka mtaani kwetu Mtwara: tumeitwa kupewa taarifa, hatukuulizwa

Wakuu, nimetoka mkutano wa mtaa sasa hivi na hasira zimenikaba. Tumeketi chini ya mwembe tangu saa nane tukidhani tutaulizwa. Kumbe mambo yameshaiva: eneo limepatikana, tanuri la kuchomea taka linajengwa, "msiwe na wasiwasi, moshi wake ni safi."

Moshi safi! Lile tanuri dogo la taka za hospitali tumeishi nalo miaka. Wakati wa kusi mama yangu anaanika makopa mkekani asubuhi, meupe pe. Adhuhuri anakuta vimajivu vyeusi vimetua juu yake, ukigusa vinapaka kidoleni kama masizi ya kibatari. Anapukuta, anatwanga, tunakula. Na maji ya mvua tunakinga kwenye mabati yanayoangukiwa na majivu hayo hayo.

Ukichoma plastiki zenye klorini, kama mabomba ya PVC, na moto ukiwa hafifu, inatoka sumu iitwayo dioksini. Inajikusanya kwenye mafuta: ya samaki, mayai, hadi maziwa ya mama anayenyonyesha. Ndiyo maana tanuri la maana hutakiwa lishike joto la nyuzi 850 za Selsiasi na zaidi muda wote. Haya, taka zetu ni zipi? Maganda ya mihogo, maganda ya ndizi, matumbo ya samaki, yote yamelowa chepechepe. Hayo yanafaa kuwa mbolea shambani! Moto wake utafikaje 850 bila kumwagiwa dizeli kila siku? Siku fungu la dizeli likikata, nani atazima tanuri? Nikauliza majivu yenye metali za sumu kama risasi na kadimi yatamwagwa wapi. Nikaambiwa wataalamu wapo.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya miradi ya namna hii, na wananchi tushirikishwe. Mwaka huo huo nchi yetu iliridhia Mkataba wa Stockholm wa kupambana na sumu kama dioksini. Nikaomba kuiona ripoti ya tathmini. Jibu la meza kuu: "Binti, usipinge maendeleo."

Ndipo nikakumbuka karatasi ya mahudhurio tuliyosaini tulipofika. Kesho itaitwa ridhaa ya wananchi! Nimeinuka, nikalikata jina langu kwa kalamu mbele yao. Kina mama waliokaa nami wakafuata, mmoja mmoja.

Mwenye nakala ya ripoti hiyo, kama ipo, aiweke hapa.