Nyangwe ya mto Lualaba: mji wa kujivunia au wa kuombolezwa?

Ndugu wasomaji,

Kila mji wa Nyangwe unapotajwa katika mazungumzo kuhusu historia ya Waswahili, husikika kauli mbili zinazopingana. Ya kwanza husema kwamba huo ulikuwa mji wa ustaarabu wa pwani ndani kabisa ya Afrika, uliovunjwa na watu wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji waliotaka pembe za ndovu bila mshindani. Ya pili husema kwamba ilikuwa kambi ya wawinda watumwa, hivyo hakuna sababu ya kusikitikia kuangamia kwake. Ninaziheshimu zote mbili, kwa maana kila moja inasema jambo la kweli, lakini zina upungufu mmoja: zinauanza mji kwa wafanyabiashara na kuumaliza kwa wanajeshi, wala hazimtaji mwenye soko na mwenye mto.

Nyangwe ulikuwa ukingo wa mashariki wa Lualaba, katika nchi ya Manyema, ambayo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wafanyabiashara wa pwani, Waarabu na Waungwana (Waswahili waliojiita watu huru), waliweka makazi yao hapo katika miaka ya 1860 wakifuata pembe na watumwa, na mizigo yao ikabebwa kwa mabega ya watu hadi Ujiji, Tabora na hatimaye pwani. Lakini kilichoulisha mji kila siku kilikuwa soko. Wagenya, watu wa mto, walileta samaki kwa mitumbwi. Wanawake wa vijijini walileta mihogo, kuku, chumvi, vyungu na mafuta ya mawese. David Livingstone, aliyefika hapo Machi 1871, aliandika kuhusu desturi ya nchi hiyo kwamba hata watu walipokuwa vitani, wanawake waendao sokoni walipita bila kuguswa. Kwangu mimi huo ndio ustaarabu wa Nyangwe wenye kustahili kutajwa kwanza, na haukuletwa na msafara wowote.

Tarehe 15 Julai 1871 desturi hiyo ilivunjwa mchana kweupe. Watu wenye bunduki, wafuasi wa mfanyabiashara aliyeitwa Dugumbe, waliingia sokoni, yakazuka majadiliano ya bei ya kuku, kisha wakaufyatulia risasi umati ambao wengi wake walikuwa wanawake. Waliokimbilia mitumbwi walikanyagana, wengi wakazama mtoni. Waarabu wenyewe walikadiria kuwa waliokufa walikuwa kati ya 330 na 400. Habari hizo zilipofika Uingereza zilichochea shinikizo ambalo mwaka 1873 lilimlazimisha Sultani Barghash kulifunga soko la watumwa la Zanzibar.

Wapo wanaojibu kwamba simulizi hilo ni la Mzungu mmoja, nao wana haki ya kuuliza. Livingstone aliishiwa karatasi na wino, akaandika juu ya gazeti kuukuu kwa wino wa mmea, na maandishi hayo yaliposomwa upya kwa picha za kitaalamu mwaka 2011, ilionekana kwamba alipoyanakili baadaye alibadilisha mambo kadhaa, hasa kuhusu mwenendo wa watu wake mwenyewe. Ni hoja nzito ya kuwa waangalifu naye. Hata hivyo haifuti mauaji yaliyotokea mbele ya macho yake.

Naomba tuangalie ushahidi mwingine usiotegemea huruma ya mtu yeyote, nao ni mitumbwi. Livingstone alikaa Nyangwe miezi kadhaa asipate mtumbwi wa kuvukia. Mwaka 1874 msafiri Mwingereza Verney Lovett Cameron naye aliikosa papo hapo, akalazimika kushika njia nyingine. Mji ulikuwa kando ya mto, lakini mto haukuwa wake, ulikuwa wa Wagenya wenye mitumbwi. Mwaka 1893 jeshi la Dola Huru ya Kongo, koloni la Leopold, chini ya Francis Dhanis, pamoja na washirika wake Waafrika, lilipokwama ukingo wa magharibi, ni Wagenya waliolipatia mitumbwi. Lilivuka tarehe 4 Machi, na Nyangwe ukaanguka. Daktari Sidney Hinde, aliyefuatana na jeshi hilo, aliukadiria mji huo kuwa na watu wapatao 30,000, kisha akaeleza kwamba ndani ya muda mfupi ulibaki nyumba moja kubwa yenye ngome na kambi ya askari kuizunguka.

Kwa hiyo siwezi kukubali kwamba bunduki za kigeni peke yake ndizo zilizoua mji. Siwezi pia kukubali kwamba waliouvunja walikuja kuwakomboa Wamanyema, kwa sababu pembe ziliendelea kuchukuliwa kwa nguvu. Kilichobadilika ni kwamba sasa zilielekea magharibi, Boma na Matadi. Njia ya Ujiji ilipoteza kazi yake. Mwanzoni mwa karne ya 20 reli ya Kindu hadi Kongolo ilijengwa ng'ambo ya magharibi ya mto, na Nyangwe, uliokwisha kuvunjwa, ukakosa sababu ya kurudi kuwa mji.

Kilichobaki ni kikubwa kuliko magofu. Kilimo cha mpunga kilichoenezwa na Waungwana kimekita mizizi Manyema, Kiswahili chao kikawa lugha ya mashariki ya Kongo, na uzao wa watu waliotolewa huko, wengi wao bila hiari, uko Kigoma, Ujiji, Tabora, hadi Kariakoo penye Msikiti wa Manyema.

Pendekezo langu ni kwamba Nyangwe uingizwe katika orodha ya miji ya historia ya Waswahili tunayoifundisha watoto, pamoja na Kilwa na Bagamoyo, lakini somo lake lianzie sokoni, na tarehe 15 Julai itajwe kabla ya jina la tajiri yeyote. Anayepinga na anieleze ni kwa haki gani tunaweza kurithi lugha na mpunga wa mji huo, kisha tukawaachia wengine kuwaombea waliozama.