Mathe anaenda kupewa ayodini ya mionzi Nairobi, na nyumbani kuna mtoto mdogo

NyarAhero: Habari zenu wadau. Mamangu alitolewa tezi ya shingo hapa Kisumu, majibu yakarudi ni kansa, sasa daktari anasema lazima aende Nairobi apewe ayodini ya mionzi ndio mabaki yaishe. Mathe ako tayari kabisa, shida ni huku Nyalenda tunaishi vyumba viwili na mtoto wangu hajafikisha miaka miwili, amezoea kulala na dani yake (nyanyake, yaani mathe) kila usiku. Majirani wameanza kusema ati akirudi atatuchoma sote. Kuna mtu amepitia hii kitu aniambie ukweli?

MamaLangas: Pole sana dada. Mimi nilipewa na niko hapa Eldoret na afya yangu. Ni kidonge tu, nesi anakileta kwa kikopo kizito cha madini ya risasi, unameza na maji halafu anatoka na chakula unawekewa mlangoni. Hakiumi, upweke ndio mbaya, abebe kitu cha kusoma. Mambo mengine ni ya kabla ya kwenda, juu utaambiwa apunguze ayodini kwa chakula wiki moja au mbili, na chumvi karibu yote ya duka Kenya imewekwa ayodini. Maziwa na mayai pia yanakatwa. Lakini ngege wa ziwa anakula bila shida, ni samaki wa baharini ndio wanakatazwa, mpikie na nyanya, kitunguu na dhania nyingi ata hatakumbuka chumvi.

Eksirei_Nakuru: Nafanya kazi ya skani kwa hivyo wacha nieleze. Seli za tezi ndizo hufyonza ayodini mwilini, hata zile za kansa zilizobaki, kwa hivyo dawa inazifuata hukohuko na kuziua. Inayobaki inatoka, nyingi kwa mkojo siku mbili za kwanza, na nguvu yake inapungua nusu kila siku 8. Majirani wako hawachomwi na mtu kupita kwa ploti. Lakini mtoto wa kubebwa na kulala kifuani ni mambo tofauti, huyo mpeleke kwa shangazi hadi tarehe ambayo hospitali itamwandikia mathe, na msimrudishe mapema ati juu analia. Umbali unasaidia sana, ukiongeza mara mbili mionzi inashuka hadi robo. Na wewe dada kama uko na mimba, kaa mbali naye pia.

Omosh_Kakamega: Mzee wangu aliskaniwa mifupa juu ya prosteti, akadungwa sindano, akangoja masaa kadhaa akinywa maji, jioni tukala meza moja. Kwani hiyo haikuwa mionzi?

Eksirei_Nakuru: Ni mionzi ndugu, lakini hiyo ni teknishiamu, nusu inaisha kwa masaa 6, na ni ya kupiga picha tu. Ayodini ya kansa ni dozi ya kutibu, msilinganishe.

NyarAhero: Asanteni, nimepumua. Mtoto ataenda Ahero kwa dadangu. Na kurudi, si anaweza tu kupanda matatu?

MamaLangas: Hapana mami, Nairobi hadi Kisumu ni masaa mengi mmebanana bega kwa bega, na huwezi jua kama jirani yake wa kiti ako na mimba. Tafuteni gari ya mtu wa familia, akae nyuma upande wa pili wa dereva.

Eksirei_Nakuru: Hata ndege aulize kwanza, mitambo ya uwanja inaweza kulia wiki kadhaa baadaye, aombe barua. Na choo kama mnatumia na ploti nzima mwambieni daktari kabla ya siku ya dawa, hiyo watu wengi hawataji na inaweza kufanya wamweke wodi siku zaidi.