Kamera bei ya IST mbili, halafu bibi wa watu anauliza "imelala?"

Kivuli cha Mwembe

Wakuu, sijala tangu asubuhi na sina njaa. Nimetoka Bagamoyo sasa hivi, viatu vina mchanga, naandika nimesimama kwa sababu nikikaa nitalia.

Ile kampuni. Mnaijua. Siitaji, maana nikiitaja watakuja wale mashabiki wake na ule wimbo wa "mkuu, wewe ndiye hujui kuitumia". Ile ambayo boksi la kamera yake linanukia kama ofisi ya balozi. Bei ya Toyota IST mbili, na hapo hujagusa lenzi. Lenzi ni Noah.

Kazi yenyewe: ukoo mzima, watu sitini na ushee, wamekusanyika kwa bibi yao. Miaka tisini na kitu. Bibi huyu hacheki. Niliambiwa na watoto wake, wakaniambia wajukuu, akaniambia hadi bodaboda aliyenionyesha njia. Kwenye picha ya harusi yake mwenyewe kakunja uso utadhani ndiye anayedai ile mahari. Mteja anataka picha ya ukutani, upana mita moja, kila sura isomeke mpaka kitukuu aliyebebwa mgongoni. Ndiyo maana nikabeba hili dubwana. Megapikseli 100, yaani pikseli 11,648 kwa upande mrefu. Chapa kwa nukta 300 kila inchi, unapata karibu mita yako bila kuivuta hata kidogo. Sensa, kile kibao kinachopokea mwanga, ni milimita 44 kwa 33, wakati kamera zenu za fulu fremu ni 36 kwa 24. Nimeyasoma haya yote kwenye kile kijitabu chao cha karatasi laini. Hakuna mahali walipoandika kwamba inalala.

Kuwapanga tu dakika arobaini. Saa saba mchana, jua limesimama utosini. Sasa kuna mtoto akadondosha andazi. Jogoo akalinyakua. Akapita nalo mbele ya bibi, mtoto nyuma yake, kaptura imeshuka magotini.

Bibi AKACHEKA. Si tabasamu. Kicheko cha mwili mzima, meno mawili aliyobakiza yote nje, kanga imeanguka begani. Nikabonyeza.

Kimya.

Kioo kikaniandikia kuna hitilafu, tafadhali zima kamera kisha uiwashe. TAFADHALI. Nikazima. Nikawasha. Nembo yao ikaanza kujitokeza taratibu kama bwana harusi anaingia ukumbini. Nimehesabu mpaka tisa. Kufika tisa bibi kashamaliza kucheka, karudisha kanga, kakunja uso wake kama kawaida, na ananitazama. Watu sitini wananitazama. Akauliza kwa upole kabisa, kama anamuulizia mgonjwa: "Baba, imelala?"

IMELALA.

Ukoo mzima ukaangua kicheko, isipokuwa bibi.

Na kuna kijana pale, simu yake kioo kimepasuka kakibandika selotepu. Anayo. Bibi, jogoo, andazi, kaptura, vyote. Mteja kaitazama akasema, "Hii ndiyo tunaikuza."

Nimewaandikia hao wa kamera nikiwa bado kwenye daladala. Wamejibu upesi, haki yao niwape. Wameniuliza kama nimejaribu kuizima na kuiwasha.

Kunguru wa Feri

Ungewajibu imelala.

Dada Flashi

Nimecheka mpaka mwanangu kaamka. Yeye alikuwa kalala kweli.

Bei Chee

Uzi bila picha ni chai. Weka ya bibi akicheka.

Kivuli cha Mwembe

Bei Chee, ningekuwa nayo ningefungua uzi?

Bei Chee

Si uombe kwa yule wa selotepu.

Buda wa Umoja

Aki Watanzania. Buda, gari mbili juu ya kamera? Huku Nairobi wasee wanashuti ruracio, zile sherehe za mahari, na simu, wanalipwa, na nyama wanakula. Hiyo doo ungechukua ploti Kitengela. Ploti hailali.

Kunguru wa Feri

Ploti za Kitengela zinalala na watu wanne kila moja, zote na hati.

Fundi Koili

Mkuu, povu liweke pembeni kwanza nikuulize. Lenzi yako ni ile yenye shata, kile kimlango cha kupitisha mwanga, ndani yake? Kama ndiyo, lenzi na bodi huwa zinaongea kupitia vile vijiti vya dhahabu pale mdomoni zinapokutana. Vikishika jasho, chumvi au vumbi, bodi inaiamuru shata, shata haisikii, kamera inagoma nzima nzima. Bagamoyo ni chumvi tupu hewani. Chukua kitambaa kisichoacha nyuzi, tone la isopropili (ile spiriti ya kusafishia), pangusa pande zote mbili, acha pakauke kabisa ndipo urudishe. Halafu tazama toleo la programu. Lenzi hizo nazo zina programu yake, watu wanasasisha bodi wanaisahau lenzi. Na tafadhali usibadilishe lenzi chini ya mwembe upepo unavuma.

Kivuli cha Mwembe

Kwa hiyo kosa langu.

Fundi Koili

Sijasema kosa lako. Nimesema mchanga.

Kivuli cha Mwembe

Mchanga haukuniuzia kamera. Kijana wa selotepu alikuwa mchangani na yeye, tena peku. Fundi, nakuheshimu, lakini wewe hukuwepo. Hukumwona yule bibi alivyoinamisha kichwa kidogo, hivi, kuitazama kamera kwa huruma. "Imelala?" Angenitukana ningepona.

Dada Flashi

Mimi ninayo ya kampuni nyingine (siitaji na mimi, nawaogopa) na nitaitetea midiamu fomati, hizi kamera za sensa kubwa, mpaka kaburini. Jua la saa saba macho ya watu wote yanakuwa vishimo. Kamera yenye shata ya pazia, ile inayokaa mbele ya sensa, ukitaka flashi iendane nayo unaishia 1/125 ya sekunde, wengine 1/250. Shata ya majani iliyo ndani ya lenzi inakupandisha mpaka 1/2000 na flashi inaingia yote. Unalizima jua unavyotaka, unamwangaza bibi. Na kanzu nyeupe kando ya ngozi nyeusi, ukitoa kwa biti 16 una ngazi 65,536 za mwanga kwa kila rangi, biti 14 inakupa 16,384. Kwenye simu ile kanzu ni shuka tu.

Kivuli cha Mwembe

Dada, hiyo 1/2000 ya sekunde naikubali, tamu kweli. Tatizo langu ni zile sekunde tisa zilizoitangulia.

Kunguru wa Feri

Sasa si ungeweka shata ya kielektroniki, lenzi isihusike kabisa?

Dada Flashi

Sensa kubwa hizo zinasomwa mstari kwa mstari. Hizi za megapikseli 100 ukiweka biti 16 inakaribia theluthi ya sekunde. Jogoo anayekimbia angetoka kichwa Bagamoyo, miguu Chalinze. Na flashi huna.

Kunguru wa Feri

Hiyo picha ningeinunua.

Babu Chumba Cheusi

Mwanangu, mie ni wa Mombasa, nimezeeka na harufu ya dawa za filamu. Tulikuwa na mashine ya sentimita sita kwa sita, roli ya filamu ya 120, picha kumi na mbili basi. Ukishikwa na pupa roli imekwisha na hujampata mtu. Ile mashine haikuwa na betri hata moja. Kisichoamka hakilali.

Na hiyo muiitayo midiamu, 44 kwa 33, wallahi hunichekesha. Ile fremu ya sita kwa nne na nusu, ambayo sie tuliiona ya wavivu, ilikuwa milimita 56 kwa 41 na nusu. Nyie mwauziwa kisahani kwa bei ya sinia.

Kivuli cha Mwembe

Babu shikamoo. Na hizo kumi na mbili zikikwisha, bibi ndipo akacheka?

Babu Chumba Cheusi

Marahaba. Nikimwambia bibi filamu imekwisha, naye akinielewa. Wewe ungemwambia nini?

Kivuli cha Mwembe

Nilimwambia "inaamka, bibi."

Dada Flashi

INAAMKA BIBI 😭😭😭

Kunguru wa Feri

Nabadilisha jina langu humu kuanzia leo.

Mzigo wa Giga

Nyote mnalia imelala. Mimi yangu inafanya kazi, na hilo ndilo tatizo langu. Faili moja mbichi isiyobanwa MB 200. Nikaenda nayo kwenye harusi Mbezi, ujinga wangu, nikapiga elfu mbili. Pigeni hesabu wenyewe. Laptopu ikifungua moja, feni inavuma kama mashine ya kukoboa, mke wangu anauliza kama umeme utatosha. Nikazichambua wiki tatu. Nikampelekea bwana harusi diski. Akaniambia, "Kaka, nitumie tu kwa WhatsApp."

Nikatuma. Akajibu, "Mbona hazijatulia?"

Bei Chee

Huyu kaumizwa kuliko mwenye uzi.

Kivuli cha Mwembe

Hajaumizwa. Yake ipo. Mbovu, ya WhatsApp, lakini IPO. Mimi nina kadi yenye picha 41 za watu sitini wakisubiri bibi acheke, kisha picha 17 za watu sitini wakinicheka mimi. Hapo katikati hakuna kitu. Namba za mafaili zinafuatana vizuri kabisa, kana kwamba jogoo hakupita.

Fundi Koili

Umepangusa vile vijiti?

Kivuli cha Mwembe

...vilikuwa na mchanga.

Fundi Koili

Sisemi kitu.

Kivuli cha Mwembe

Haibadilishi chochote! Kitu cha bei ile kishindwe na punje ya mchanga? IST yenyewe inapita Chanika masika!

Kiyoyozi Maskati

Salamu kutoka Maskati. Mnazungumzia mchanga hamjaona mvuke. Huku mwezi wa saba ukitoka na kamera kwenye kiyoyozi kwenda nje, lenzi inatoa machozi mbele na nyuma, hupigi kitu. Dawa ni kuiacha ndani ya begi lililofungwa zipu, nusu saa hivi, ijipashe polepole na joto la nje. Mteja wangu mmoja aliniona nimekaa na begi magotini akauliza kama kuna mtoto ndani.

Mtoto wa Ng'ambo

Afadhali mvuke unakauka. Unguja hapa ni kuvu. Niliiacha lenzi kabatini masika moja tu, nikaikuta imeota utando kama wa buibui kwa ndani. Fundi akaniambia kuifungua ni ghali kuliko nilivyoinunua. Sasa naiweka ndani ya kopo la mchele.

Fundi Koili

Mchele USIWEKE. Unaacha unga unga, unaingia kwenye pete za lenzi. Tafuta vile vipakiti vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, boksi la plastiki lenye mfuniko wa kubana, na kile kipimo kidogo cha unyevu. Kiweke kati ya asilimia 40 na 50.

Mtoto wa Ng'ambo

Mchele wangu mzuri, hauna unga.

Mzigo wa Giga

Wa wapi?

Mtoto wa Ng'ambo

Mapembe.

Mzigo wa Giga

Mapembe? Na unadai hauna unga? Mchele usio na unga ni wa Kyela peke yake.

Buda wa Umoja

Zii. Hamjakula pishori ya Mwea nyinyi. Jirani akipika unasikia harufu ukiwa kwa stage.

Mzigo wa Giga

Harufu ndiyo yenyewe. Mnanusa, tunashiba.

Babu Chumba Cheusi

Wali ni nazi. Mengine yote ni maneno.

Kiyoyozi Maskati

Basmati mnauonaje?

Dada Flashi

Huo ni wa kwenye ndege.

Kivuli cha Mwembe

Jamani. Kamera. Wamenijibu tena. Wanasema niipeleke kituo chao cha matengenezo Ulaya, nauli juu yangu, wiki sita mpaka nane, na niambatanishe MAELEZO KAMILI YA MAZINGIRA YA TUKIO. Niwaandikie nini? Jogoo?

Mzigo wa Giga

Subiri kidogo mkuu. Huko kwa bibi walipika mchele gani?

Kivuli cha Mwembe

Inahusiana vipi?

Mzigo wa Giga

Jibu tu.

Kivuli cha Mwembe

Pilau. La nyama ya mbuzi. Sijui mchele wa wapi, sikula. Nilikuwa nahangaika na kamera.

Kunguru wa Feri

Umeacha pilau la mbuzi Bagamoyo, la bure, la ukoo wa watu sitini?

Babu Chumba Cheusi

Mwanangu, hapo sasa umekosa.

Buda wa Umoja

Pishori ingekuwa imeiva, imeliwa, vyombo vimeoshwa, kamera bado inaamka.

Dada Flashi

Na kachumbari ilikuwepo?

Kivuli cha Mwembe

Ilikuwepo.

Mzigo wa Giga

Mods badilisheni kichwa cha uzi.

Bei Chee

Nimerudi. Ile ya jogoo imeshawekwa?