Idli zinatoka bapa na ngumu: tatizo ni mchele, blenda au baridi ya Nairobi?

Mpishi_SouthB
Hamjambo wapishi. Idli zangu (vile vikeki vya mvuke vya India Kusini) zinatoka bapa, ngumu pembeni, na katikati zinanata kijikoni. Kipimo ni vikombe 4 vya mchele wa pishori kwa kikombe 1 cha urad (choroko nyeusi). Vyote vinalowekwa pamoja usiku kucha, vinasagwa pamoja kwenye blenda, rojo linakaa mezani saa 8, kisha mvuke dakika 10. Halipandi hata kidogo. Nibadilishe mchele, nitie hamira, au blenda ndiyo haifai?

Jiko_la_Ngara
Blenda haina kosa, ila kipimo chako ni cha mashine ya mawe. Mawe husaga urad polepole bila kuipasha moto, huku yakiijaza hewa, ndiyo maana kikombe kimoja kinaweza kubeba vikombe 4 vya mchele. Kwa blenda shuka hadi 3 kwa 1.

Pishori iachie pilau. Ulizia mchele wa idli kwenye maduka ya vyakula vya Kihindi, Ngara au Parklands: punje fupi, nene, zilizochemshwa na maganda yake kabla ya kukobolewa. Urad nunua ile nzima iliyomenywa, nyeupe. Iliyozeeka dukani hadi ikaanza kuwa njano haifuri vizuri hata uisageje.

Loweka kila kimoja peke yake, saa 5 hivi. Kwenye urad tia kijiko 1 cha chai cha uwatu. Ukizidisha, idli inabadilika rangi na kuwa chungu. Urad ndiyo isagwe kwanza, kwa maji ya barafu. Anza na nusu kikombe, uongeze kidogo kidogo. Kikombe 1 cha urad hunywa maji kama kikombe 1 na robo. Blenda ikishika joto, izime ipoe. Saga mpaka iwe povu jeupe, kisha dondosha tone kwenye bakuli la maji. Likielea umefika, likizama endelea. Idli nyingi huharibikia hapa, si kwenye kuumuka. Mchele usiusage ukalainika kabisa: ukiupima kwa vidole usikie chenga ndogo ndogo. Changanya kwa mkono pamoja na vijiko 2 vya chai vya chumvi. Uzito uwe wa rojo la vitumbua. Likiwa la maji zaidi ya hapo, idli hutambaa badala ya kupanda.

Bi_Mvuke
Nakubali yote isipokuwa hilo la "si kwenye kuumuka". Kazi ya kuumua hufanywa na bakteria waliomo kwenye urad yenyewe, hasa Leuconostoc mesenteroides, na wanachangamka kwenye nyuzi 27 hadi 32. Saa 8 za kwenye mapishi ni za Chennai, mji wa joto wa India Kusini. Hapa mwezi wa Julai usiku unashuka hadi nyuzi 12 au chini yake, kwa hiyo rojo la mezani linalala tu.

Liweke ndani ya ovena iliyozimwa, taa yake ikiwaka. Huna ovena? Kalishe chombo ndani ya sufuria kubwa yenye maji ya vuguvugu (mkono uvumilie bila shida), funika kwa blanketi, badilisha maji yakipoa. Yakiwa moto unawaua hao bakteria na kuipika urad. Chombo kijae nusu tu, la sivyo asubuhi utafuta meza. Usiangalie saa, angalia rojo: limekuwa maradufu, lina mapovu ndani na si juu tu, linanukia uchachu mwepesi. Inaweza kuchukua saa 14 au zaidi. Likipanda kisha likajishukia lenyewe, limepitiliza. Ongeza maji upike dosa, zile chapati nyembamba za rojo hilo hilo.

Mpishi_SouthB
Asanteni sana. Na siku ya haraka, hamira au soda ya kuokea?

Jiko_la_Ngara
Hamira italipandisha lakini utakula ladha ya mkate. Siku ya haraka pika rava idli, ile ya Karnataka: semolina kikombe 1 iliyokaangwa kidogo, mtindi kikombe 1, chumvi, maji ya kulegeza. Liache dakika 20, kisha tia nusu kijiko cha chai cha soda na upike hapo hapo, kabla gesi haijatoka. Ni tamu, ila ni chakula kingine.

Fundi_Sufuria
Hamjagusa hizo dakika 10. Nairobi iko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 badala ya 100, na mvuke wake ni wa joto hilo hilo. Hesabu dakika 14 au 15, kuanzia pale maji yanapokuwa tayari yanatokota. Trei haziingii kwenye sufuria maji yakiwa bado baridi. Ukitumia presha kuka, ondoa kile kizito cha mluzi. Funga kitambaa kwenye kifuniko, matone yasidondokee idli zikafanya mashimo.

Kijiti cha meno kikitoka kikavu, toa trei, ziache dakika 5, ndipo uzing'oe kwa kijiko kilicholowa maji. Ukizitoa zikiwa moto zitanata hata kama zimeiva. Kama huna trei za idli, vibakuli vidogo vya stili vilivyopakwa mafuta vinatosha, vijae robo tatu tu, na uongeze dakika 3 au 4 kwa sababu ni virefu.