Gereji na yadi za Kigoma: acheni kusingizia betri kubwa kila haibridi ya kuchaji inapokosa nguvu

Wakuu, heshima kwenu.

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na ninayoyaandika nayamaanisha. Mitsubishi Outlander PHEV na Toyota Prius PHV za mtumba, yaani haibridi zenye injini ya mafuta pamoja na betri kubwa inayochajiwa kwa plagi, zinafika Kigoma, zinapanda mlima wa kutoka stesheni kwenda Mwanga, zinaishiwa nguvu katikati. Zikifika gereji jibu ni lile lile: "Betri kubwa imekufa, tafuta mamilioni." Hakuna aliyeshika mita. Hakuna aliyesoma kodi za hitilafu, zile namba za makosa ambazo kompyuta ya gari inaziandika. Mwenye gari anauza shamba kununua kitu ambacho hakijaharibika.

Tuanze na betri ndogo ya volti 12, maana ndiyo inayodharauliwa kuliko vyote. Kwenye haibridi hizi betri ndogo haizungushi injini. Kazi yake ni kuamsha kompyuta na kufunga rilei kuu zinazoruhusu umeme wa betri kubwa utoke. Ikiwa dhaifu, kompyuta zinaamka nusu nusu, dashibodi inawaka taa kama mti wa Krismasi, neno READY (gari tayari kuondoka) haliji, na gari haisogei hata kama betri kubwa imejaa. Pima asubuhi kabla hujafungua mlango mara mbili mbili: betri nzima iliyopumzika usiku inasoma volti 12.6 au zaidi. Ikisoma 12.2 iko nusu. Ikishuka chini ya 12 usiendelee na kipimo kingine chochote mpaka uichaji au uibadilishe. Kisha washa mpaka READY, pima tena. Ukiona 13.5 hadi 14.7, kigeuza umeme kinachoishusha volti ya betri kubwa kinafanya kazi. Ukiona inabaki 12 na inashuka, tatizo liko hapo, na betri ndogo mpya itakufa ndani ya siku chache. Dakika kumi za kazi, na mita ya bei ndogo sokoni inatosha. Kwa nini hazifanyiki?

Na tafadhali, anayeboosti aangalie rangi za waya. Ukigeuza chanya na hasi kwenye haibridi huunguzi fyuzi ndogo tu. Unaweza kuua hicho kigeuza umeme chenyewe. Wala usitumie haibridi kuboosti Fuso.

La pili ni maji. Inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kubwa uendeshe mota, ina mfumo wake wa kupoza, tofauti na rejeta ya injini, una tangi lake dogo na pampu yake ya umeme. Kulanti yake, yaani kimiminika cha kupozea, haina mbadala wa maji ya kisima. Maji ya kisima yana chumvi, yanaacha magamba ndani ya vinjia vyembamba vya inveta, yanakula pampu. Pampu ikigoma, inveta inapanda joto, na kompyuta inakata nguvu ili isiungue. Dalili ndiyo hii hii inayoitwa "betri kubwa": gari inakwenda vizuri asubuhi tambarare, ikipanda mchana inalegea, ukiiacha ipoe inarudi. Kwenye Toyota kodi yake mara nyingi ni P0A93. Kipimo ni rahisi mno. Washa mpaka READY, fungua kifuniko cha tangi la inveta gari ikiwa bado baridi, angalia kama kulanti inatikisika. Imetulia kama maji ya mtungi? Kagua fyuzi ya pampu, kisha plagi ya waya wake, kisha pampu yenyewe. Ukishajaza kulanti upya toa hewa iliyonaswa, kwa sababu pampu inayozungusha hewa haipozi kitu. Hatua hii ya mwisho inarukwa sana, na gari linarudi gereji baada ya siku mbili likiwa na kosa lile lile.

La tatu linaniuma zaidi kwa sababu uharibifu wake unafanywa na fundi mwenyewe. Kompresa ya AC ya magari haya inaendeshwa na umeme mkubwa wa betri, si mkanda. Mota yake iko ndani ya kompresa, inaogea kwenye oili ile ile. Kwa hiyo oili lazima iwe ya aina isiyopitisha umeme, ya ester. Denso, watengenezaji wa vipuri, wanaiita ND-OIL 11. Mafundi wa AC wanajaza gesi na kusukuma ile oili ya PAG ya magari ya kawaida. PAG ikichanganyika mle, kinga ya umeme inashuka, kompyuta inaona umeme mkubwa unavuja kwenda kwenye bodi, inaandika kodi P0AA6, na ukizima gari inaweza kugoma kabisa kurudi READY. Mteja alikwenda kuongeza ubaridi, anarudi na winchi. Mashine inayojaza kila gari kwa mpira ule ule uliobaki na PAG nayo inatosha kuleta balaa hili. Ukiwa na haibridi, uliza kwanza oili gani, na asiyejua jibu asiguse.

Sasa betri kubwa yenyewe. Sikatai kwamba zinachoka. Outlander ya 2013 ilitoka na betri ya kWh 12, seli 80, volti 300. Prius PHV ya kizazi cha pili ina kWh 8.8 na seli 95. Seli hizi zimeunganishwa mkondo mmoja, kama watu waliofungwa kamba moja: ya nyuma ikichoka, wote wanapunguza mwendo. Kompyuta inaangalia seli dhaifu kuliko zote na kukata nguvu kwa kipimo cha hiyo, hata kama 79 zilizobaki ni nzima. Kwa hiyo wastani wa betri hausemi kitu. Chomeka kifaa cha OBD (cha kusomea kompyuta ya gari) chenye Bluetooth, fungua programu inayoonyesha volti ya kila seli, pandisha mlima mkiwa wawili, mmoja anaendesha na mwingine anasoma. Zikiwa zimetulia seli zinapaswa kukaribiana sana. Ukikanyaga mafuta, moja ikidondoka volti 0.3 au zaidi chini ya wenzake, hapo ndipo una haki ya kutamka neno betri. Kodi P0A80 kwenye Toyota nayo ni ushahidi. Bila hivyo ni ubashiri.

Tena kuna jambo la Outlander ambalo si ugonjwa. Mwendo wa chini na wa kati, injini inazungusha jenereta tu. Magurudumu yanasukumwa na mota mbili, mbele na nyuma, kW 60 kila moja. Jenereta peke yake haiwezi kuzilisha zote kwa nguvu kamili, kilichopungua kinatoka kwenye betri. Ukifika Mwandiga betri ikiwa mkavu halafu ukaanza kupanda barabara ya Manyovu na abiria watano na mizigo, taa ya kobe itawaka na gari itatambaa. Bonyeza kitufe cha SAVE (kutunza chaji) au CHARGE (injini ichaji betri) ukiwa bado tambarare, uanze mlima ukiwa na akiba. Muuzaji aliyepaswa kueleza hili siku ya kukabidhi funguo hakulieleza.

Prius nyingi zinapoza betri kwa hewa ya ndani ya gari, kupitia tundu la pembeni mwa kiti cha nyuma. Vumbi jekundu la huku linaziba chujio na feni. Msilirundikie magunia tundu hilo, na lisafishwe kila kilomita 10,000.

Nije kwa wauzaji. Mnafuta kodi asubuhi, mteja anakuja mchana, dashibodi inang'aa safi. Huo ni wizi. Bahati nzuri kompyuta ya gari inaweka hesabu ya kilomita zilizotembewa tangu kodi zifutwe mara ya mwisho, na kifaa chochote cha OBD cha maana kinaisoma. Gari iliyoendeshwa toka bandari ya Dar hadi Kigoma imekula zaidi ya kilomita 1,000. Ikisoma kilomita 6, mtu ameifuta hapo hapo yadi, na mnunuzi aondoke. Kuna na hili la Prius ya kizazi cha tatu: mwaka 2014 Toyota iliita magari yapatayo milioni 1.9 duniani kurekebishiwa programu ya inveta, kwa sababu transista zake zingeweza kuharibika kwa joto na gari kupoteza nguvu au kusimama. Namba ya chesisi inatosha kukagua mtandaoni kama kazi ilifanyika Japani. Mmeagiza gari, namba mnayo, mnashindwaje kukagua?

Mwisho wa hatari: waya za rangi ya chungwa, zinazobeba umeme wa betri kubwa. Volti 300 za mkondo mnyoofu zinaua. Fundi anayezishika kwa mikono mitupu kwa sababu "gari imezimwa" anacheza na uhai wa kijana wake wa gereji. Zima gari, funguo iwe mbali, toa waya hasi wa betri ndogo, vaa glovu za mpira za volti 1000 zilizokaguliwa kama zina tundu, chomoa plagi ya usalama inayokata umeme wa betri kubwa uiweke mfukoni mwako, subiri dakika 10 kapasita zimwage umeme, kisha pima kwenye inveta uone sifuri. Usiposoma sifuri, hujaanza kazi.

Kuchaji nyumbani kwa ufupi: umeme mwingi unaopita kwa saa kadhaa unayeyusha soketi dhaifu. Vuta laini yake, waya wa mm² 4, na ethi ya kweli ardhini. Ekstensheni ya kuchajia simu haifai.

Mwenye gari inayokosa nguvu aweke hapa vitu vitano: modeli na mwaka, kodi zote kabla hazijafutwa, volti ya betri ndogo asubuhi na ikiwa READY, kama kulanti ya inveta inatembea, na seli ya chini kabisa ikilinganishwa na ya juu wakati wa kupanda. Mwenye gereji aliyemwambia mteja anunue betri kubwa naye aweke vipimo vyake hapa hapa.